Kununua bunduki ya kuwindia Austria na kuiingiza Ujerumani: karatasi gani zitangulie?

Shoto_wa_Isar

Habari zenu wakuu. Naishi Bavaria, Jagdschein (leseni ya uwindaji) ninayo ya miaka mitatu, na kitabu cha silaha (WBK) kina bunduki mbili tayari. Mimi ni mtu wa mkono wa kushoto, na raifo za bolti ya kushoto madukani huku ni za kutafuta kwa tochi. Nimeona Tikka T3x ya kushoto, kaliba .308 Winchester, imetumika kidogo, kwenye duka moja la Salzburg. Bei inavutia, na kwa gari si mbali.

Maswali yangu:

1. Hapa Ujerumani nikionyesha Jagdschein napewa raifo palepale. Salzburg nako ni hivyo hivyo? Pasi ya silaha ya Ulaya, ile EFP, ninayo.
2. Binamu yangu wa Texas anasema Remington 700 ya kushoto kule ni bei ya kutupa, na anaweza kuja nayo akija kututembelea. Sheria inasemaje?
3. Ukiacha bei ya bunduki yenyewe, nijiandae kwa gharama zipi?

Naomba majibu ya wanaojua. Ya "nimesikia" ninayo mengi.

Ngiri_Kasi

Mkuu, unajipa presha ya bure. Austria na Ujerumani zote ni Umoja wa Ulaya, mpakani hakuna hata mtu wa kukusimamisha. EFP unayo, risiti utapewa, weka bunduki kwenye begi lenye kufuli urudi kwako. Ukifika unaiandikisha, kwisha habari.

Kobe_Mpole

Ngiri_Kasi, hapo umechanganya vitu viwili, na mchanganyiko huo ndio unaowanyang'anya watu Jagdschein.

Sheria ya Ulaya inatofautisha *kusafiri* na bunduki na *kuhamisha* bunduki. Kusafiri ni kutoka nayo, kuwinda, na kurudi nayo. Hapo ndipo EFP inapotumika, na sharti bunduki iwe imeshaandikwa ndani ya pasi, namba yake ikiwemo. Kuhamisha ni bunduki kutoka nchi moja na kubaki nyingine. Jambo hilo linaongozwa na kifungu cha 16 cha Agizo la Umoja wa Ulaya namba 2021/555, nalo linataka ruhusa ya nchi inakotoka pamoja na ridhaa ya nchi inakokwenda. Tikka iliyopo kwenye rafu Salzburg haimo katika pasi ya Shoto, wala haiwezi kuandikwa humo kabla hajawa mmiliki wake. Kwa safari hii EFP aiache nyumbani tu.

Kutokuwepo kwa askari mpakani hakubadilishi kitu. Hati inaulizwa siku ya kuandikisha. Ofisi ya silaha itataka kujua bunduki yenye namba ya Austria imeingiaje nchini, na jibu la "nimeibeba kwenye gari" ni kukiri kosa la jinai kwa mdomo wako mwenyewe. Anayehukumiwa kwa kosa la silaha hupoteza sifa ya kuaminika kisheria, na sifa hiyo ikishaondoka, zinaondoka bunduki zote, pamoja na zile mbili za zamani.

Sasa Shoto, kwa nini hapa unapewa palepale? Kwa sababu § 13 ya sheria ya silaha ya Ujerumani inaihesabu Jagdschein iliyo hai kuwa ndiyo ruhusa ya kupata bunduki ndefu. Ruhusa hiyo inaishia mpakani, na muuzaji wa Salzburg anayeijua kazi yake hatakukabidhi.

Njia iliyonyooka iko hivi.

Kwanza, mwombe muuzaji ankara ya awali, isiyo ya malipo bado. Iwe na jina la mtengenezaji, modeli, kaliba, namba ya bunduki, kundi lake kisheria (raifo ya bolti ni kundi C), alama za majaribio zilizopo, na jina na anwani kamili ya duka. Mwombe na picha za namba zenyewe zilivyopigwa kwenye chuma. Hapa ndipo maombi mengi yanapokwama: herufi O imeandikwa sifuri, herufi ya mwanzo imeachwa, au bolti ina namba yake na mtutu una yake na karatasi imetaja moja tu. Namba ya kwenye karatasi isipofanana na ya kwenye chuma, ofisi inarudisha maombi na unaanza upya.

Pili, peleka ombi kwenye Waffenbehörde, yaani ofisi ya silaha, ya unapoishi. Huombi "kibali cha kununua", maana hicho unacho kupitia Jagdschein. Unaomba ridhaa ya kuingiza silaha kutoka nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya, § 29. Ambatisha nakala ya Jagdschein, WBK, kitambulisho, ankara ile, na uthibitisho wa sefu kama hawana tayari kwenye faili lako. Eleza bunduki itasafirishwaje na nani atakayeisafirisha, kwa kuwa sheria inataka msafirishaji awe mtu anayeruhusiwa kushika silaha. Ukitaka kuifuata mwenyewe, liandike hilo tangu mwanzo.

Tatu, ridhaa ikitoka inakwenda kwa muuzaji. Yeye anaipeleka kwa mamlaka ya kwao, ambayo ndiyo inayotoa hati ya kusafirisha. Hati hiyo hutaja muuzaji, mnunuzi, mahali inakokwenda, idadi na utambulisho wa silaha, chombo cha usafiri, na tarehe ya kuondoka na ya kutazamiwa kufika. Inafuatana na bunduki mpaka mlangoni kwako. Ikikaa kwenye barua pepe wakati bunduki iko barabarani, ni sawa na kwamba haipo.

Nne, lipa sasa. Kabla ya hapo usitoe zaidi ya arubuni, na makubaliano ya maandishi yaseme arubuni inarudi iwapo ridhaa itakataliwa.

Tano, bunduki ikishaingia mikononi mwako una wiki mbili za kuomba iandikwe kwenye WBK. Zinahesabiwa tangu siku ulipoishika. Siku ya kulipa na siku ya barua pepe ya muuzaji hazina uzito hapo.

Barabarani bunduki iwe tupu, ndani ya kasha lililofungwa kwa kufuli, na risasi zisiwemo kwenye chemba wala kwenye magazini. Begi la kitambaa lenye zipu bila kufuli halitoshi.

Sasa maoni yangu. Njia hii ya mtu binafsi inafanya kazi, ila kama Tikka ni moja tu na si urithi wa babu, mtumie muuzaji wa silaha wa hapa karibu nawe. Duka kwa duka wana utaratibu mwepesi: muuzaji anaweza kuwa na ruhusa ya jumla inayodumu hadi miaka mitatu, akatoa taarifa badala ya kuomba kibali cha kila bunduki. Salzburg wanaituma dukani kwake, wewe unaenda na Jagdschein, unaichukua kama uliyoinunua Munich. Atakutoza ada, ulizia kabla. Mara nyingi ada hiyo ni nafuu kuliko muda wa barua za kwenda na kurudi kati ya ofisi mbili.

Ngiri_Kasi

Haya, lakini wapo wanaochomoa bolti na kuituma peke yake kwa posta, bunduki wanabeba. Bila bolti ile si ni bomba la chuma?

Kobe_Mpole

Kisheria si bomba. Mtutu, bolti na, tangu mabadiliko yaliyoanza kutumika 1/9/2020, bodi ya bunduki (fremu inayoshika mtutu na bolti) pia, vyote ni sehemu muhimu, na kila kimoja kinahesabiwa kama silaha yenyewe. Ukivitenganisha umepata makosa mawili badala ya moja. Kinachosafiri huru ni darubini, vishikio vya darubini, mkanda na tako. Kizuia sauti hakimo katika orodha hiyo. Mwindaji wa Ujerumani anaruhusiwa kukinunua kwa Jagdschein kwa ajili ya bunduki ndefu ya risasi zenye kiwashio cha katikati, lakini nacho kinaandikishwa ndani ya wiki mbili, na kukivusha mpaka kunadai karatasi zake.

Dada_Suhl

Karatasi Kobe ameshazimaliza. Mimi nizungumzie chuma, kwa kuwa kuna watu wana hati zote safi na bunduki isiyoruhusiwa kupigwa.

Ujerumani kila bunduki ya moto sharti iwe imepita jaribio la serikali: inapigwa kwa risasi zenye shinikizo la juu kuliko kawaida, kisha inakaguliwa na kupigwa muhuri. Kwa raifo, shinikizo la risasi za majaribio ni angalau asilimia 25 juu ya kikomo cha kaliba hiyo. Kikomo cha .308 Winchester kwa kipimo cha C.I.P., tume ya kimataifa ya majaribio ya silaha, ni baa 4,150, kwa hiyo jaribio linakwenda karibu na baa 5,190. Nchi wanachama wa C.I.P. zinatambua mihuri ya wenzao. Wamo Ujerumani, Austria, Finland, Italia, Ufaransa, Hispania, Ubelgiji, Cheki, Slovakia, Hungaria, Uingereza, na kwa wasomaji wa Ghuba, Falme za Kiarabu nazo zimo. Marekani haimo. Sweden, Norway, Denmark na Uswisi pia hazimo.

Tikka inatengenezwa Riihimäki, Finland, na huko inapigwa muhuri kabla ya kutoka kiwandani. Ya Salzburg basi haina shaka upande huu, *mradi mtutu ni ule ule wa kiwandani*. Angalia mambo haya kwenye picha au ukiwa dukani:

Mdomo wa mtutu una uzi wa skrubu? Kama ndiyo, ni wa kiwandani au fundi alikata baadaye? Mtutu uliofupishwa, uliokatwa uzi, au chemba iliyochimbwa upya unahitaji kujaribiwa tena, kwa sababu chuma kimepungua mahali panapobeba mzigo. Omba karatasi ya jaribio la pili. Kama fundi alikata uzi na karatasi haipo, punguza bei kwa gharama ya jaribio na usafiri, au achana nayo. Uulizie na ukubwa wa uzi huo. Vizuia sauti vya Ulaya vingi ni M15x1 au M14x1. Bunduki za soko la Marekani mara nyingi ni 5/8x24 au 1/2x28. Usije ukalazimisha kizuia sauti cha uzi mmoja kwenye mwingine "kwa kuwa kimeshika raundi mbili": kikikaa mshazari, risasi inakwangua kuta za ndani, na siku hiyo hiyo umepoteza kizuia sauti na mdomo wa mtutu.

Bolti ni ya bunduki hiyo? Kwa bunduki iliyotumika linganisha namba. Bolti iliyobadilishwa inaweza kuharibu nafasi kati ya uso wa bolti na kitako cha ganda. Fundi anaipima kwa geji mbili: bolti ifunge kwenye geji ya "pita" na ikatae kufunga kwenye geji ya "usipite". Kazi ya dakika chache, na hakuna sababu ya kuiruka. Nafasi ikizidi, ganda linanyooka kila unapopiga, na siku moja linakatika juu ya kitako, gesi inarudi upande wa uso wako.

Kwa bunduki ya kushoto kuna jambo jingine: vipuri. Magazini ni ile ile ya upande wa kulia, ila bolti na tako la kushoto usitegemee kuvikuta kwenye kila duka. Tako likiwa na ufa nyuma ya skrubu ya bodi, hesabu bei ya tako jipya kabla hujatabasamu.

Na kaliba. Sheria ya uwindaji ya Ujerumani, § 19, inataka kwa Reh, yule mnyama mdogo jamii ya paa, nguvu ya angalau jouli 1,000 katika mita 100. Kwa wanyama wakubwa wengine wa kundi hilo, nguruwe mwitu wakiwemo, kaliba isipungue milimita 6.5 na nguvu isipungue jouli 2,000 katika mita 100. .308 inavuka bila jasho. Nasema hivi kwa sababu watu huona .243 ya bei nzuri ng'ambo, wanahangaika kuiingiza, halafu wanakuta haiwafai kwa nguruwe: nguvu ingetosha, ila kipenyo hakifiki.

Forodhani_Hamburg

Nijibu la binamu wa Texas.

Kwa kifupi: asije nayo. Anaweza kuwa na nia safi, lakini sheria ya Marekani inamruhusu raia au mkazi wa kudumu kutoka na bunduki hadi 3 na risasi hadi 1,000 kwenye mizigo yake kwa matumizi yake mwenyewe, bila leseni ya usafirishaji, *kwa sharti asiuze wala kumkabidhi mtu mwingine umiliki*. Akikuachia wewe, amesafirisha silaha bila leseni, na adhabu za kule kwa kosa hilo hazina mzaha. Upande wa huku, yeye kama mgeni anahitaji ruhusa ya kuingia na bunduki kwa ajili ya kuwinda. Akiiacha hapa, ruhusa ile haimlindi, wala wewe haikulindi.

Wala wewe usipande ndege ukainunue. Mtu asiye mkazi wa jimbo lolote la Marekani haingii dukani akatoka na raifo ya kwenda nayo kwao. Kinachowezekana ni duka kuiuza kwa ajili ya kusafirishwa nje: bunduki inakwenda kwa msafirishaji mwenye leseni, naye anaomba ruhusa Wizara ya Biashara ya Marekani. Tangu 9/3/2020 raifo za kuwindia za kawaida ziko chini ya wizara hiyo. Kabla ya hapo zilikuwa chini ya Wizara ya Mambo ya Nje, kwa hiyo ukikuta maelezo mtandaoni yanayokutuma huko, ni ya zamani. Msafirishaji atakutaka karatasi ya Ujerumani inayoonyesha kwamba una haki ya kuingiza. Kwa hiyo na hapa, kama Salzburg, ruhusa ya Waffenbehörde inatangulia, na namba ya bunduki iwe imeshajulikana.

Bunduki ikifika, tofauti na ya Austria, inapita forodha. Tamka kabla ya kuulizwa. Raifo ya kuwindia ni namba ya ushuru 9303 30, na kiwango cha kawaida cha Umoja wa Ulaya ni asilimia 3.2, lakini thibitisha kwenye jedwali la siku hiyo, maana ushuru wa bidhaa za Marekani umekuwa wa kupanda na kushuka. Juu yake kuna VAT ya asilimia 19, na watu husahau kwamba inapigwa juu ya bei *pamoja na* usafiri *pamoja na* ushuru. Mfano: raifo yuro 2,000, usafiri na bima 250. Jumla 2,250. Ushuru 72. VAT ya 2,322 ni 441.18. Umefika 2,763.18, na bado hujamlipa msafirishaji wa Marekani ada ya leseni, wala ofisi ya majaribio. Maana kama Dada_Suhl alivyosema, Marekani haimo C.I.P., kwa hiyo Remington iliyouzwa kule kwa soko la ndani haina muhuri unaotambulika huku.

Muulize Dada_Suhl itakuwaje kama haikupita jaribio.

Dada_Suhl

Ikishindwa, inarudi kwako na uamuzi wa maandishi. Haiuzwi wala haipigwi mpaka irekebishwe ijaribiwe tena. Fedha za ushuru zilishakwenda. Kwa bunduki mpya za viwanda vikubwa si jambo la kawaida. Kwa zilizotumika, hasa zenye mtutu uliobadilishwa na fundi wa nyumbani, na Remington 700 ni bunduki inayopendwa mno na mafundi wa nyumbani, hatari ipo. Tena kuna kaliba za Marekani ambazo hazimo kwenye majedwali ya C.I.P. Hizo ofisi haina kipimo cha kuzijaribia kwa njia ya kawaida. .308 imo, .30-06 imo, usiogope. Kaliba yenye jina la mtu na tarakimu nne, ulizia kwanza.

Na alama: bunduki inayoingia kutoka nje ya Ulaya inatakiwa iwe na alama za utambulisho zinazokubalika Ulaya. Duka la silaha lililozoea kuingiza mizigo linajua. Mtu binafsi anagundua bunduki ikiwa tayari imeshika njia.

Forodhani_Hamburg

Nyongeza kwa wanaoishi kusini. Uswisi iko karibu, nayo inatambua EFP, basi watu wanadhani ni kama Austria. Upande wa sheria ya silaha inafanana kiasi, kwa sababu imo Schengen. Upande wa forodha iko nje ya Umoja wa Ulaya, kwa hiyo bunduki ya Zürich inatamkwa mpakani na inalipiwa VAT, hata karatasi za silaha zikiwa kamili. Barabara ndogo zisizo na ofisi ya forodha usizitumie ukiwa na bidhaa ya kutamka. Uingereza nayo tangu ijitoe ni nchi ya nje kabisa kwa mambo haya, na EFP yako haina kazi kule.

Shoto_wa_Isar

Shukrani nyingi wakuu. Texas nimeifuta, naenda na njia ya duka kwa duka. Yamebaki mawili. Moja: sefu yangu ni daraja 0, ina funguo. Nimeambiwa funguo siku hizi ni tatizo. Pili: nikipata nafasi ya kwenda kuwinda Tanzania, Tikka hii inaweza kusafiri nami?

Kobe_Mpole

Sefu: daraja 0 kwa kipimo cha EN 1143-1 ndicho kiwango cha chini kwa yeyote aliyeanza kuhifadhi silaha baada ya 6/7/2017. Makabati ya zamani ya A na B yanawafaa waliokuwa wakiyatumia kabla ya hapo tu, kwa hiyo usinunue kabati la namna hiyo la mtu mwingine kwa tamaa ya bei. Idadi ya bunduki ndefu ndani ya daraja 0 haina kikomo, na risasi zinaweza kukaa humo humo.

Kuhusu funguo, mahakama kuu ya utawala ya Nordrhein-Westfalen iliamua tarehe 30/8/2023 kwamba funguo ya sefu nayo itunzwe kwenye chombo chenye usalama wa kiwango sawa na sefu yenyewe. Bavaria ni jimbo jingine, lakini ofisi nyingi zinausoma uamuzi huo. Kufuli ya tarakimu inamaliza ubishi. Mara nyingi fundi wa sefu anaweza kuibadilisha bila kuharibu daraja, ila akupe karatasi. Ukitoboa mwenyewe, cheti cha sefu kimekufa. Na tarakimu zisiwe tarehe ya kuzaliwa ya mtoto.

Forodhani_Hamburg

La Tanzania. EFP ni ya Ulaya tu, Dar es Salaam ni kijitabu cha kawaida. Upande wa kutoka Ulaya, Kanuni namba 258/2012 inamruhusu mwindaji kutoka na bunduki zake kwa muda bila leseni ya usafirishaji, pamoja na risasi zisizozidi 800, mradi aonyeshe sababu ya safari, kwa mfano barua ya kampuni ya uwindaji. Lakini shirika la ndege litakubana zaidi ya hapo: kanuni ya kawaida ya ndege ni kilo 5 za risasi kwa abiria, kwenye mzigo wa chini ya ndege, ndani ya kifungashio imara. Pata ridhaa ya shirika kwa maandishi, na kama unabadilisha ndege, ya kila shirika, na ulizie masharti ya nchi unayopitia hata kama hutoki uwanjani.

Kabla ya kuondoka pitisha bunduki forodha ya Ujerumani wakuandikie hati ya INF 3 yenye namba ya bunduki na ya darubini. Ukirudi inathibitisha kwamba ni mali iliyotoka Ulaya. Bila hiyo unaweza kudaiwa ushuru na VAT ya bunduki yako mwenyewe.

Tanzania silaha zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kibali cha kuingiza kwa muda kinashughulikiwa na kampuni ya uwindaji unayokwenda nayo, kupitia Jeshi la Polisi, nao watakuomba modeli, kaliba, namba na idadi ya risasi mapema. Namba hizo zifanane na zilizo kwenye WBK. Tena ile sifuri na herufi O. Kaliba ya risasi iwe ya bunduki iliyoandikwa. Risasi za ziada za rafiki usibebe. Na .308 yako ni ya swala na wenzake. Kwa nyati, simba na tembo kiwango cha chini ni .375, kwa hiyo kama nyati yumo kwenye leseni yako ya uwindaji, panga mapema na kampuni utatumia bunduki ipi.

Ngiri_Kasi

Na Kenya je? Nairobi ndege ni nyingi zaidi.

Forodhani_Hamburg

Kenya uwindaji wa burudani umepigwa marufuku tangu 1977, kwa hiyo huko hakuna sababu ya safari ya kuonyesha. Tafuta ndege inayoshuka Kilimanjaro au Dar es Salaam bila kupitia Nairobi, hata kama tiketi ni ghali kidogo.